Kitabu Ng'ambo ya Kaunta: Mwongozo wa Majalada kwa Muuzaji, Mwalimu na Mwandishi

Hadi mwaka 2017, mwenye duka la vitabu katika mji mdogo kama Kiritiri, hapa Mbeere, Kenya, hakuwa na haja kubwa ya kuwaza habari za majalada. Mwalimu mkuu au mzazi alifika Januari na orodha mkononi, akaiweka juu ya kaunta, na muuzaji akakusanya vilivyotajwa. Hakuna aliyechagua kitu. Mwaka 2018 serikali ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na sehemu kubwa ya biashara ile ikampita muuzaji ikiwa ndani ya lori. Vilivyobaki dukani ni vitabu ambavyo hakuna anayemshurutisha mtu kuvinunua: hadithi za watoto, riwaya, vitabu vya marudio, Biblia, na vile vya kumfundisha mtu namna ya kutajirika. Hivi mteja huvichagua mwenyewe, na hapa Kiritiri huvichagua kabla hajavitia mkononi.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wako ikiwa una duka au unauza vitabu siku ya soko. Ni wako pia ikiwa wewe ni mwalimu mwenye sanduku la vitabu vya hadithi darasani ambavyo watoto hawavigusi, au una muswada ulioumaliza na sasa unatafuta mtu wa kukuchorea jalada. Mnunuzi naye nimemwekea machache mwishoni.

Mteja amesimama wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na watengenezaji wengi wa majalada hawajiulizi. Katika duka kama Text Book Centre la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1964, mteja hujipenyeza kati ya rafu, akachomoa kitabu, akafungua katikati, akasoma ukurasa mzima akiwa wima, kisha akakirudisha bila kuulizwa na mtu. Jalada pale humvuta tu akaribie. Kazi iliyobaki hufanywa na kurasa.

Kwetu duka la vitabu kwa kawaida ni duka la steshenari. Mbele kuna kaunta, chini ya kioo kuna kalamu na seti za hisabati, pembeni mashine ya kutoa kopi, na nyuma ya muuzaji ndiko rafu ziliko. Mteja yuko hatua mbili tatu kutoka kwenye kitabu. Nyuma yake kuna mtu mwenye kitambulisho anayetaka kopi mbili za haraka. Anachoweza kufanya ni kunyoosha kidole na kusema, "Hebu nionyeshe hicho chekundu," na akishateremshiwa viwili vitatu huona haya kuendelea kumsumbua mwenye duka. Atanunua kimojawapo kati ya hivyo, au atasema atarudi kesho. Maana yake ni kwamba vitabu vingine vyote vya rafu ile vilishindwa kabla havijashushwa.

Mahali pa pili ni chini. Nairobi wauzaji wa vitabu vya barabarani wamezoeleka kwa jina la "inama", kwa kuwa ndivyo mteja anavyofanya. Siku ya soko Kiritiri mambo ni yaleyale: turubai imetandikwa, vitabu vimelazwa chali, na mpita njia anavitazama kutoka juu, macho yake yakiwa kama mita moja na nusu kutoka vilipo. Mgongo wa kitabu hapa hauna kazi. Uso ndio kila kitu, na jua la saa sita linaupiga moja kwa moja.

Pa tatu ni kwenye simu. Muuzaji anapiga picha, anaiweka kwenye statasi ya WhatsApp, mwalimu wa Gategi au nesi wa Siakago anaiona akiwa kwenye matatu, anatuma pesa kwa M-Pesa na kitabu kinapandishwa gari. Jalada lililochorwa kwa ukubwa wa daftari linatazamwa likiwa na upana wa vidole viwili.

Sehemu hizo tatu zinadai vitu tofauti, lakini kuna jaribio moja linalozifaa zote. Kiweke kitabu pale kitakapokaa. Nenda usimame pale mteja anaposimama. Fumba macho kidogo, kama mtu anayetazama jua. Kinachobaki kuonekana ndicho jalada lako. Vilivyopotea havikuwahi kumfikia mtu. Mara nyingi utagundua kwamba kilichobaki ni doa la rangi na nusu ya neno.

Maneno yetu ni marefu

Jambo hili halitajwi sana, nami naona ndilo linaloua majalada mengi ya Kiswahili. Kitabu cha ukubwa wa A5 kina upana wa sentimita 14.8. Ukiacha nafasi pembeni, unabaki na kama sentimita 12 za kuandikia jina. Riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed inaitwa *Kiu*: herufi tatu, kila moja inaweza kupewa sentimita nne, na mtu aliye upande wa pili wa barabara ataisoma. Sasa chukua diwani ya hadithi inayosomwa shuleni kwa sasa, *Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine*. Neno la kwanza pekee lina herufi kumi na moja. Hata likiachiwa mstari wake peke yake, kila herufi inapata kama sentimita moja tu. Likibanwa pamoja na jingine kwenye mstari mmoja, kutoka ng'ambo ya kaunta halisomeki tena.

Lugha yetu hubandika mambo mengi kwenye kitenzi kimoja. *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora ni maneno mawili tu, lakini la pili limebeba sentensi nzima. Huwezi kulikata katikati, na msanifu aliyezoea majina mafupi ya Kiingereza hulipunguza herufi hadi liingie. Ukiwa mwandishi, pima jina lako kwa rula kabla hujalipenda. Ukishindwa kuliacha, basi mwambie msanifu atenge mstari mmoja kwa kila neno, hata kama picha italazimika kupungua. Maneno kama "na hadithi nyingine" yanaweza kuwa madogo bila madhara; hakuna mteja anayeagiza kitabu kwa maneno hayo.

Herufi zenye mikia na mapambo, zile za kadi za harusi, ziache. Vivyo hivyo herufi nyekundu juu ya picha ya kijani, au nyeupe juu ya mawingu. Jina liwe jeusi juu ya kitu cheupe au cha manjano, au jeupe juu ya kitu kilichokolea. Katika jambo hili sina ustaarabu wowote: nitachagua jalada baya linalosomeka kuliko zuri lisilosomeka.

Kuhusu rangi zenyewe, nitasema tu kwamba huwa na maana kulingana na mahali na wakati. Kenya, tangu kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2005, chungwa tupu linaweza kusomwa kisiasa, na manjano vivyo hivyo tangu uchaguzi wa 2022. Miezi ya kampeni nimeona heri mtu asiweke kitabu cha manjano matupu katikati ya dirisha. Baada ya uchaguzi kirudishe.

Jua, vumbi na kitabu kilichogeuka buluu

Tazama dirisha la duka lolote linaloelekea magharibi. Utakuta kitabu cha watoto kilichosimamishwa pale tangu lini sijui, uso wa msichana umekuwa wa samawati, mbuzi wake samawati, na maembe yaliyokuwa mekundu yamekuwa kama mawe. Hilo halitokani na karatasi mbovu. Majalada huchapwa kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi, na rangi nyingine zote ni michanganyiko ya hizo. Manjano na majenta huchoka juani mapema. Samawati na nyeusi hustahimili. Wekundu wa maembe ni majenta na manjano, kwa hiyo huondoka wa kwanza. Rangi ya ngozi zetu kwenye picha nayo ina majenta na manjano mengi, na ndiyo maana watu wa kwenye majalada ya zamani huishia kufanana na maiti.

Mteja hajui habari za wino. Anachokiona ni kitabu kikuukuu, na kitabu kikuukuu anataka kukipata kwa nusu bei. Katika sehemu kavu yenye jua kama Mbeere hili ni hasara ya kweli. Usiweke dirishani nakala ya kuuza. Weka moja ya kutolewa sadaka, na uibadilishe kabla haijabadilika rangi. Ikiwa dirisha lako linapigwa na jua la jioni, tundika pazia jepesi kuanzia saa tisa. Na kama wewe ndiwe unayechapisha, na unajua kitabu kitauzwa sokoni, usitegemee nyekundu peke yake ibebe jina. Liandike kwa nyeusi, au kwa buluu iliyokolea. Picha ikififia, jina litabaki.

Vumbi lina habari yake. Jalada lisilopakwa plastiki hunywa vumbi na jasho la vidole, na baada ya wiki chache sokoni linakuwa na doa la kijivu pale kila mtu aliposhika. Plastiki ya juu ni ya aina mbili: inayong'aa na isiyong'aa. Wapiga chapa wengi watakupa inayong'aa usiposema lolote. Ndani ya duka lenye kiza kidogo inafaa sana, rangi hukolea na kitambaa kibichi hufuta kila kitu. Juu ya turubai saa sita mchana inageuka kioo: mteja anaona jua badala ya jina. Kwa vitabu vya sokoni omba isiyong'aa. Kama tayari vina kung'aa, usivilaze. Weka kipande cha ubao chini ya upande wa juu wa kila kitabu ili kiinuke kidogo kumwelekea mteja. Mng'aro utaondoka, na mteja hatalazimika kuinama kiasi hicho.

Vitabu visivyo na mgongo

Hadithi nyingi za watoto wa madarasa ya chini zina kurasa 16 au 24 na zimefungwa kwa pini mbili katikati. Kitabu cha namna hiyo hakina mgongo wa kuandikia. Ukikipanga rafuni kama vingine kinakuwa mstari mweupe usio na jina, na hamsini vikikaa pamoja hata muuzaji hajui kipi ni kipi. Halafu husemwa kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Dawa yake ni kamba na vibanio vya nguo. Funga kamba mbili za nailoni ukutani, moja juu ya nyingine, umbali wa sentimita 40. Vitabu vining'inizwe nyuso zikitazama watu, kila kimoja kimeshikwa na kibanio juu. Ukuta wa mita tatu utabeba karibu ishirini kwa kila kamba. Wakutubi wamelijua hili siku nyingi, kwamba kitabu kinachoonyesha uso hutoka kuliko kinachoonyesha mgongo. Ukienda maktaba ya umma pale Embu, au yoyote yenye sehemu ya watoto, tazama vilivyosimamishwa juu ya rafu na vilivyobanwa ndani yake, kisha angalia vipi vimechakaa.

Usivining'inize vyote kwa mpigo. Badilisha kila wiki au mbili, kwa sababu macho yakizoea ukuta hayauoni tena. Na vitabu vya watoto wadogo viwe kwenye urefu wa macho yao. Nimeona kona za kusomea zilizopangwa vizuri mno, mita moja na nusu kutoka sakafuni, kwa watoto wa chekechea.

Kaki

Mwalimu, hili ni lako. Desturi ya shule zetu ni kuvisha vitabu karatasi za kaki mara tu vinapoingia. Kwa vitabu vya kiada ni jambo la busara: vitapita mikononi mwa wanafunzi mwaka baada ya mwaka. Lakini desturi hiyohiyo hupelekwa hadi kwenye sanduku la hadithi, na matokeo yake ni vitabu sitini vya rangi moja ya udongo, kila kimoja kina namba ya kalamu ya wino na muhuri wa shule. Mchapishaji alimlipa mchoraji, mchoraji akahangaika na uso wa sungura, na sasa sungura yuko gizani. Mtoto anayepewa nafasi ya kuchagua anachukua cha juu. Kesho anachukua cha juu tena.

Vua kaki. Ukiogopa uchakavu, tumia plastiki angavu, ile ya mita inayouzwa dukani, na gundi upande wa ndani tu. Ikiwa bajeti hairuhusu, kata dirisha kwenye kaki pale penye picha na jina. Au uwape watoto wenyewe kazi: anayemaliza kitabu achore jalada lake jipya juu ya kaki, aandike jina kwa herufi kubwa, na jina lake mwenyewe chini kwa ndogo. Mtoto huamini mchoro wa mwenzake kuliko maneno ya mwalimu. Utaona vitabu vilivyokuwa vimelala vinaulizwa, kwa kuwa yule wa safu ya nyuma alichora fisi mwenye meno mengi kuliko kawaida.

Kaki ina faida moja ambayo shule hazikuikusudia. Wanafunzi wa bweni wa vizazi kadhaa wamesoma riwaya za James Hadley Chase zikiwa zimevishwa kaki na kuandikwa "Baiolojia". Majalada ya matoleo ya miaka ya 1970 yalikuwa na picha za wanawake waliovaa nusu, hata pale ambapo hadithi yenyewe ilikuwa ya wizi wa benki na polisi wachovu. Wengi walivinunua vitabu vile kwa ajili ya jalada na kuvimalizia kwa ajili ya wizi wa benki.

Kivuli cha shule

Mtu mzima wa Kiritiri aliyemaliza kidato cha nne ana kumbukumbu ya vitabu alivyovisoma kwa sababu vilikuwa kwenye mtihani. Jalada linalofanana na vile humrudisha darasani, na darasani hataki kurudi. Historia yake ni ndefu kidogo, lakini inasaidia.

Mwaka 1935 Allen Lane alianzisha Penguin nchini Uingereza, vitabu vya karatasi laini vya bei ya pakiti ya sigara, riwaya zikiwa na rangi ya chungwa. Heinemann walipoanzisha mfululizo wao wa Waandishi wa Afrika mwaka 1962, Chinua Achebe akiwa mhariri mshauri, walifuata njia hiyo: chungwa kwa riwaya, na rangi nyingine kwa aina nyingine. *Weep Not, Child* ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka humo mwaka 1964. Rangi ile ilikuwa tangazo lililofanya kazi ajabu. Mtu alikitambua kitabu cha Mwafrika mwenzake kutoka mbali. Miaka ya 1970 mpiga picha wa Afrika Kusini, George Hallett, akatengeneza majalada mengi ya mfululizo huo kwa picha za watu halisi. Lakini soko kubwa la vitabu hivyo lilikuwa shule, na kadiri miaka ilivyopita chungwa likawa rangi ya mtihani.

Ndipo wachapishaji wa hapahapa wakatafuta mavazi mengine. Heinemann ya Nairobi, ambayo Henry Chakava aliiongoza na ambayo mwaka 1992 ikawa East African Educational Publishers, ilianzisha Spear Books katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya hadithi za mapenzi, mji na uhalifu. *My Life in Crime* ya John Kiriamiti ilitoka humo mwaka 1984 na haijaacha kuuzwa. David Maillu alianzisha Comb Books yake, vitabu vidogo vya pombe na mapenzi ya maofisini, Tanzania ikavipiga marufuku, na Kenya vikasomwa hadi vikaachana kurasa. Vitabu hivi havikumwahidi mtu kufaulu mtihani. Vilijionyesha kwa nje kwamba ni vya kusomwa jioni.

Kwa hiyo, muuzaji, usichanganye. Riwaya ukiiweka katikati ya vitabu vya marudio inavaa kivuli chao. Ipe rafu yake, ikiwezekana karibu na mlango, na usiweke juu yake kibandiko cha "Fasihi". Vile vya kutajirika vyenyewe havihitaji msaada; *Rich Dad Poor Dad* na zambarau yake hujulikana hata na asiyejua kusoma Kiingereza. Viweke upande wa riwaya, vitamvuta mtu mpaka pale. Biblia nazo huchaguliwa kwa zipu na ukubwa wa maandishi, hilo kila mwenye duka analijua.

Kwa mwenye muswada

Kujichapishia si aibu tena. Kithaka wa Mberia, mshairi na mtunzi wa tamthilia kutoka Tharaka, jirani zetu, ametoa kazi zake kupitia Marimba Publications yake mwenyewe, na *Kifo Kisimani* ikafika hadi kuwa kitabu cha mtihani wa kitaifa. Nairobi kuna duka kama Nuria ambalo limejenga jina kwa kuuza vitabu vya waandishi wanaojilipia uchapaji. ISBN utaipata kwa huduma ya maktaba ya taifa, na nafasi ya mistari yake iachwe chini ya jalada la nyuma tangu mwanzo, isije ikafunika uso wa mtu.

Ugumu uko kwa mchoraji. Ukimwambia tu, "Nichoree jalada, ni hadithi ya kijijini," atakuchorea nyumba ya msonge, jua linalotua na mgunga. Mwaka 2014 Elliot Ross aliandika katika *Africa Is a Country* kuhusu mazoea ya wachapishaji wa Ulaya na Marekani kuweka mgunga na machweo juu ya kitabu chochote cha Afrika, hata kama hadithi imetokea Lagos au pembezoni mwa jangwa. Picha ya majalada hayo yakiwa yamepangwa pamoja ilichekesha watu wengi. Sisi tuna tatizo la ziada: mgunga kwetu upo kweli, umejaa njia nzima ya kwenda Kindaruma. Lakini msomaji wa Kiritiri hatasimama kwa sababu ya mti anaoufungia mbuzi.

Mpe mchoraji kitu kimoja kutoka ndani ya hadithi yako, kitu ambacho hakiwezi kuhamia kwenye kitabu cha mwingine. Minara ya umeme kutoka mabwawa ya Kamburu na Gitaru inayopita juu ya boma ambalo ndani lina koroboi. Mzinga wa nyuki wa gogo uliofungwa kwa shati la shule. Gunia la muguka kwenye kiti cha mbele cha gari, na mama mwenye mtoto amekaa nyuma. Ukishindwa kupata kitu cha namna hiyo, rudi usome muswada wako, huenda tatizo haliko kwenye jalada.

Mwagize achore michoro mitatu ya penseli kwanza, na umlipe kwa hiyo mitatu. Kisha uchague bila kuwauliza ndugu zako, watasifu yote. Nenda kwa mtu anayeuza vitabu, mwekee michoro kwenye simu yake, na umuulize kitu kimoja: "Unadhani hiki kinahusu nini?" Akijibu karibu na ukweli, endelea. Akisema "ni cha shule" au "ni cha kanisa" na wewe umeandika hadithi ya mauaji, jalada limekudanganyia mteja, na mteja aliyedanganywa mara moja haji na wenzake. Kabla ya kuchapa elfu, chapa moja. Rangi za kwenye skrini zina mwanga nyuma yake. Karatasi haina, na usiku wako wa buluu utatoka mweusi tii.

Jalada la nyuma liwe na maneno machache. Mstari wa kwanza useme nani yuko taabani na taabu gani. Wasifu wa shahada zako uweke ndani.

Ukiwa mnunuzi

Jalada litakuambia pia kama kitabu ni halali. Nakala za wizi hutengenezwa kwa kupiga picha jalada la asili, kwa hiyo kingo za herufi hutoka na ukungu, rangi hupauka au kuzidi wekundu, na jina la mgongoni huwa limepinda. Kikunje kidogo: gundi mbovu hulia na kurasa za kati huachia. Fungua sehemu tatu tofauti uone kama kurasa zimefuatana, maana vingine huruka. Kitabu chenye maandishi kwamba ni mali ya serikali na hakiuzwi, usikinunue hata kwa bei ya chai, kimetoka kwenye dawati la mtoto fulani.

Halafu, tukimrudia muuzaji, kuna vitabu ambavyo jalada halikuwa na kazi kubwa kwavyo. *Caitaani Mũtharaba-inĩ* ya Ngũgĩ ilipotoka mwaka 1980, ilichapwa nakala 5,000 zilizotarajiwa kuuzwa kwa miaka kadhaa. Hadi mwaka unaisha zilikuwa zimechapwa 15,000. Watu waliisikia kabla ya kuiona. Ilisomwa kwa sauti majumbani na kwenye baa, msomaji akinyamaza hadi glasi yake ijazwe. Muuzaji wa Kiritiri anaweza kuiba mbinu hiyo kwa gharama ya kitabu kimoja kila mwezi. Chagua riwaya moja, ifunge kwa uzi kwenye kona ya kaunta, karibu na mashine ya kopi ambako watu husubiri, na uiache wazi ukurasa wa tatu au wa nne, mahali hadithi inapoanza kushika. Nakala nyingine za riwaya hiyohiyo ziwe nyuma yako, nyuso zikitazama mbele, ili anayenyanyua macho kutoka kwenye ukurasa ule ajue anyooshe kidole wapi.